Hadithi za Usiku na Mambo Tuliyoyaona Utotoni

Somo la mwezi huu kwa washarika na walimu. Someni kwanza: 1 Samweli 3:1–10, Marko 6:45–52, Kutoka 20:16.



Kazi ya mchana ikiisha, na chakula cha jioni kikiisha kuliwa, watu hukaa motoni, na mara mmoja wao huanza kusimulia. Husimulia habari za mtu aliyekutana na kitu njiani usiku, au za sauti iliyosikiwa migombani, au za nyumba ambayo hakuna awezaye kulala ndani yake. Watoto husogeleana. Hakuna athubutuye kutoka nje peke yake, wala hakuna atakaye hadithi ikome. Mtu mzima naye, ajapokuwa mwalimu au mzee wa kanisa, hutega sikio. Akiisha kusikia za wenzake hutoa yake mwenyewe, akisema, "Mimi nami nilipokuwa mtoto niliona jambo ambalo hata leo sijalijua maana yake."

Je! yatupasa kuzikataza hadithi hizi? Na mtoto ajaye asubuhi na kutuambia kwamba ameona kitu usiku, tumjibu nini? Maswali haya huwapata wazazi wote na walimu wote, kwa hiyo tuyatafakari pamoja.

1. Kwa nini hadithi ya kutisha hupendwa

Tusifanye haraka kuhukumu. Mtu asikiapo hadithi ya kutisha, moyo wake hupiga mbio, nywele humsimama, na mwili wote hujiweka tayari kukimbia. Lakini wakati uo huo macho yake yauona moto, na bega lake lagusana na bega la ndugu yake. Hofu imekuja, hatari haikuja. Hadithi ikiisha, moyo hutulia, naye huona raha kama mtu aliyevuka mto wenye nguvu akafika ng'ambo salama. Ndiyo sababu mtoto yule yule aliyefunika uso kwa nguo husema, "Bibi, tena!"

Tena, hadithi hizi huwaunganisha watu, maana waogopao pamoja hukaa karibu. Nazo zina maonyo ndani yake. Wazee waliposema kwamba zimwi hukaa mtoni wakati wa magharibi, watoto hawakwenda mtoni wakati ule, na mamba hakuwapata.

Liko na jambo la nne. Mwanadamu anajua moyoni kwamba viumbe vya Mungu ni vingi kupita vile avionavyo mchana. Ana kiu ya kuvijua. Kiu hiyo si dhambi. Lakini mwenye kiu aweza kunywa maji safi, naye aweza kunywa maji machafu, na hapa ndipo panapotupasa kuangalia.

2. Mtoto aliyesikia sauti usiku

Neno la Mungu lina habari ya mtoto aliyepatwa na jambo asilolielewa. Samweli alikuwa amelala, akasikia anaitwa kwa jina, akamkimbilia mzee Eli. Eli hakumpiga kwa kumwamsha. Hakumcheka. Wala hakumtia hofu kwa kusema kwamba ni mzimu wa fulani. Kwanza alimwambia lile alilolijua hakika, kwamba yeye hakumwita, akamrudisha kulala. Mara ya tatu ndipo alipotambua ni nani aitaye, akamfundisha mtoto namna ya kujibu. Eli alikuwa mzee mwenye macho hafifu, naye alishindwa katika malezi ya wanawe mwenyewe; lakini usiku ule alifanya vema, nasi twaweza kujifunza kwake.

Soma tena habari za wanafunzi baharini, katika Injili ya Marko. Katika zamu ya nne ya usiku walimwona mtu anakwenda juu ya maji, wakadhani ni kivuli cha mfu, wakapiga kelele. Angalieni neno hili vema. Wanafunzi hawakusema uongo. Waliona kweli. Kosa lao lilikuwa katika jina walilompa yule waliyemwona, kwa kuwa alikuwa Bwana wao mwenyewe. Naye hakuwaambia kwamba hawakuona kitu. Alisema nao, akapanda chomboni mwao, na upepo ukakoma.

Basi tupate hapa kanuni moja ya kutuongoza. Kuona au kusikia ni jambo moja, na kutaja jina la kilichoonekana ni jambo la pili. Mtoto mara nyingi ana haki katika lile la kwanza, hata anapokosea katika la pili.

3. Kilio cha migombani

Nitawaambia lililonipata mimi, kwa kuwa kanuni hii niliifundishwa kwa aibu kabla sijaisoma.

Nilipokuwa na umri wa miaka saba au minane nilikaa kwa bibi yangu mlimani. Usiku mmoja nilisikia mtoto mchanga analia nje, katika migomba. Alilia, akanyamaza, akalia tena, na kila mara kilio kilitoka mahali pengine, tena juu, kana kwamba mtoto yule aweza kupanda miti. Niliwaamsha ndugu zangu, nao wakasikia. Hatukulala tena.

Asubuhi tulisimulia kisimani. Siku ya kwanza tulisema kwamba tumesikia mtoto. Siku ya pili mmoja wetu akasema ameona na kitu cheupe. Siku ya tatu kitu kile kilikuwa na mkono. Hata Jumapili ilipofika kilikuwa na mwenyewe. Chini ya shamba letu alikaa mjane mmoja aliyefiwa na mtoto mchanga wakati wa mavuno, nasi tukasema kwamba humlea mtoto wake mfu kwa siri usiku. Hatukujua uzito wa neno tulilolisema. Tulijua tu kwamba wenzetu wote wanatusikiliza, na jambo hilo lilikuwa tamu. Watoto wakaacha kupita mlangoni pake. Kisha mama zao wakaacha kwenda kwake kuomba moto, wala hawakumpa alipokuja kuomba kwao.

Bibi akapata habari. Hakutupiga. Alingoja mpaka usiku kilio kilipokuja, akachukua tochi, akatushika mkono, akatupeleka nje sote, nasi tunatetemeka. Akaelekeza mwanga juu ya mti. Tukaona macho mawili makubwa yanang'aa mekundu, na masikio mapana, na mkia mrefu wenye manyoya. Bibi akasema neno moja tu: "Komba."

Wengi wenu mnamjua mnyama huyu. Hutembea usiku, hula matunda na utomvu wa miti na wadudu, naye hulia ili kuwajulisha komba wengine kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Sauti ya komba mkubwa yafanana mno na kilio cha mtoto mchanga.

Nilidhani jambo limekwisha, lakini kwa bibi lilikuwa halijaanza. Kesho yake alifajiri, akatutwika mkungu wa ndizi, akatupeleka kwa yule mjane. Akatuamuru tuseme wenyewe tulilolisema, na kuomba msamaha. Yule mama alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba yeye naye alikuwa akikisikia kilio kile kila usiku, wala hakuwa na mtu wa kumwuliza ni nini, kwa maana watu walikuwa wameacha kuja kwake.

Neno lile sijalisahau. Sisi tulikuwa na raha ya hadithi, naye alikuwa na usiku wake peke yake.

4. Kitu kikaacho kifuani

Watu wengi, wakubwa kwa watoto, husimulia kwamba waliamka usiku wakashindwa kusogeza hata kidole, wakaona kitu chumbani, au wakasikia mzigo kifuani, wasiweze kupiga kelele. Waswahili huita jambo hili jinamizi, na karibu kila taifa la dunia lina jina lake. Msimwambie mtu wa namna hii kwamba ni mwongo. Jambo lenyewe ni la kweli.

Matabibu wamelichunguza. Tuotapo ndoto, mwili huzuiwa usitembee, ili tusiinuke na kufanya yale tunayoyaota. Pengine akili huamka kabla mwili haujafunguliwa. Hapo mtu huona chumba chake kwa macho, na papo hapo ndoto yake ingali ikiendelea mbele yake. Hali hii hukaa nukta chache au dakika chache tu, kisha hupita. Huwapata zaidi watu waliokosa usingizi, na walalao chali. Aliyepatwa na jambo hili akiambiwa maneno haya, mara nyingi nusu ya hofu yake humtoka. Lakini akiambiwa kwamba ni jirani fulani aliyekuja kumkalia, hofu yake haitaisha, na jirani naye ameingia hatarini.

5. Mambo yaliyotukia katika Kanisa letu

Labda mtu atasema kwamba haya ni makosa ya watoto, na kwamba palipo na Kanisa na elimu hayawezi kuwa makubwa. Tungependa iwe hivyo. Lakini sikieni habari za Uswidi, nchi ya Kilutheri, ambayo baadaye watu wake walikuja kutumika katika makanisa yetu ya Bukoba.

Katika miaka ya 1660, katika mtaa wa Älvdalen, mvulana mmoja mlisha mbuzi alisema kwamba amemwona msichana aitwaye Gertrud Svensdotter, wa miaka kama 12, akitembea juu ya maji. Msichana akahojiwa na mchungaji, akasema kwamba mwanamke mmoja alimchukua usiku mpaka mahali paitwapo Blåkulla, penye karamu ya Shetani. Hadithi ikaenea, na watoto wa mitaa mingine wakaanza kusema kwamba wao nao huchukuliwa. Wazazi waliwaona watoto wao wamelala vitandani usiku kucha, lakini hata hivyo wengi waliamini.

Watu wakaona shauri la kuwakusanya watoto usiku katika nyumba moja, wakawazuia wasilale, ili wasichukuliwe. Basi watoto wakakaa pamoja gizani, wamechoka, wamejaa hofu, wakisimuliana. Sisi leo tujuao habari za jinamizi hatushangai kwamba hadithi zilizidi, wala kwamba habari za mmoja zilikuwa habari za wote.

Katika mtaa wa Torsåker mchungaji Laurentius Hornaeus aliwasimamisha wavulana mlangoni pa kanisa, wawaonyeshe wanawake wachawi walipokuwa wakiingia ibadani. Siku moja mvulana mmoja alimwonyesha mke wa mchungaji mwenyewe, Britta Rufina. Yule mama akampiga kofi papo hapo, na mvulana akaomba radhi, akisema kwamba jua lilimtia kiwi machoni. Habari hii iliandikwa na mjukuu wao mwaka 1735, kwa kusikia kinywani mwa bibi yake. Mke wa mchungaji aliokoka kwa kofi moja. Wanawake maskini hawakuwa na ujasiri huo, wala hapakuwa na wa kuwasadiki. Mwaka 1675 watu 71 wa eneo lile waliuawa kwa siku moja, na 65 kati yao walikuwa wanawake. Katika nchi nzima, tangu mwaka 1668 hata 1676, waliuawa karibu watu 300.

Mambo yalikomaje? Mwaka 1676 mashitaka yalifika mji mkuu, Stockholm. Wanawake kadhaa waliuawa huko nako. Ndipo wachache katika baraza la hukumu, miongoni mwao tabibu Urban Hjärne, walipoanza kutia shaka, na watoto wakahojiwa kwa makini zaidi. Wakakiri, mmoja baada ya mwingine, kwamba hawakuchukuliwa po pote, bali walisema uongo. Mashitaka makubwa yakakoma. Lakini waliokufa hawakurudi.

Ndugu, wachungaji wale walikuwa na Biblia ile ile tuliyo nayo, na Katekisimo ile ile. Waliitafuta kazi ya Shetani kwa bidii katika vitanda vya watoto na katika nyumba za wajane. Lakini Ufunuo 12:10 wamwita Shetani mshitaki wa ndugu. Kama wangelikumbuka neno hilo, wangelimtafuta mlangoni pa kanisa, pale vidole vilipokuwa vikinyoshwa.

Nasi tusiwanyoshee kidole Waswidi. Katika nchi yetu, hasa mikoa iliyo karibu na Ziwa Viktoria, wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na wengine alama yao ilikuwa macho mekundu tu. Macho yale yalipata wekundu kwa moshi wa jikoni, katika miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu.

6. Basi tufanyeje?

Hatusemi kwamba hadithi za motoni zikatazwe zote. Hadithi za sungura na zimwi ni mali ya wazee wetu, na mtoto acheke na kuogopa kidogo mapajani mwa bibi yake. Wala hatusemi kwamba kila jambo lina maelezo tuliyo nayo tayari. Lakini tushike mambo haya matatu.

La kwanza, mtoto asikilizwe. Mwulize, "Uliona nini? Ulisikia nini? Ulikuwa umelala au macho?" Usimtilie maneno kinywani, maana mtoto hupenda kumpendeza mkubwa wake, na swali lenye jina ndani yake humpa jibu. Tena msikilize upesi, kabla hajasimulia mara nyingi. Hadithi isimuliwayo huota mikono na miguu, na msimuliaji mwenyewe huishia kusadiki kwamba ndivyo alivyoona.

La pili, mahali unapojua sababu, iseme na kuionyesha, kama bibi alivyotuonyesha komba. Mahali usipojua, sema kwamba hujui. Usiku aliofariki babu yangu niliona taa inapanda mlima ng'ambo ya bonde, mahali nilipojua hapana njia. Hata leo sijui ilikuwa nini. Wajukuu wakiniuliza huwaambia hivi: niliona taa, sijui ni ya nani, Mungu ajua. Hadithi hiyo wanaipenda kuliko nyingine zote, wala hakuna mtu aliyepata kuumizwa nayo. Mkristo haoni aibu kusema neno "sijui," kwa kuwa yuko ajuaye.

La tatu, na hili ni kubwa kuliko yote, angalia hadithi inapoishia. Ikiishia kwa kicheko, au kwa onyo, au kwa "sijui," iache ipite. Ikiishia kwa jina la jirani, hiyo si hadithi tena. Imekuwa ushahidi, na ushahidi una Amri yake, yaani Amri ya Nane. Martin Luther afundisha katika maelezo yake ya Amri hii kwamba tusimsingizie jirani wala kumharibia jina, bali tumtetee, tumnene mema, na kuyachukua mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Basi jina likitajwa motoni, aliyepo na amkatize msimuliaji, ajapokuwa ni mdogo, na msimuliaji ajapokuwa ni mzee, kwa heshima lakini bila kukawia. Mithali husema, "Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka." Kushtuka si kosa. Kosa ni kuupiga ung'ongo, na hapa tupigacho ni mtu.

Luther mwenyewe aliogopa usiku. Alipokuwa amefichwa katika ngome ya Wartburg, mwaka 1521 na 1522, alisikia kishindo ngazini kama mapipa yanayoporomoshwa, naye alidhani ni kazi ya Shetani. Maana alikuwa mtu wa wakati wake, hata habari za wachawi alizisadiki. Basi alifanyaje? Asimulia kwamba aliinuka akaangalia ngazini, akajikabidhi kwa Kristo, akarudi kitandani kulala. Baadaye watu waliongeza kwamba alimtupia Shetani wino, wakaonyesha na doa ukutani. Lakini yeye mwenyewe hakuandika neno hilo. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 atuagiza jambo lile lile alilolifanya: baada ya sala ya jioni tulale mara, kwa furaha.

Wazazi, salini sala hiyo pamoja na watoto baada ya hadithi, kabla taa haijazimwa. Na kama yuko jirani ambaye watu wameacha kwenda kwake kwa sababu ya maneno ya usiku, nendeni kwake mchana, na watoto wenu wawaone mkienda.

Maswali ya kujibu pamoja

1. Eli alifanya nini Samweli alipomjia usiku, na ni mambo gani hakuyafanya?
2. Wanafunzi baharini walikuwa na haki katika jambo gani, na walikosea katika jambo gani?
3. Kwa nini kuwakusanya watoto wa Uswidi usiku na kuwazuia wasilale kulizidisha hofu?
4. Kila mtu na asimulie jambo moja la utotoni asilolijua maana yake, akitenga lile aliloliona na lile aliloambiwa na watu.
5. Je! katika mtaa wetu yuko mtu aliyeharibiwa jina kwa hadithi? Msimtaje jina hapa. Shaurianeni jinsi ya kumrudishia heshima yake.

Bwana Yesu, aliyewajia wanafunzi wake usiku juu ya maji, awalinde ninyi na nyumba zenu. Amina.